Alijenga au Alijengesha?

Walimu wenzangu wa sarufi wataniunga mkono nikisema kwamba mnyambuliko wa vitenzi ni mojawapo ya hazina kubwa za lugha yetu. Kutokana na mzizi mmoja tu, mwanafunzi wa shule ya upili huweza kuunda jenga, jengea, jengwa, jengeka na jengesha, na kila umbo likawa na kauli yake na maana yake. Aghalabu sisi huyafundisha maumbo haya ubaoni, tukayatahini, tukayatolea alama, kisha tukayasahau. Mimi pia nilikuwa nimeyasahau kwa namna hiyo hadi Novemba iliyopita, nilipojikuta nimesimama katika baridi kali kando ya hodhi lililonyamaza, nje ya jumba la mfalme aliyefariki mwaka wa 1715.

Jumba lenyewe ni lile la Versailles, lililo kusini magharibi mwa jiji la Paris, mwendo wa chini ya saa moja kwa treni. Nilikuwa Ufaransa kwa ajili ya kongamano la wanaisimu, na siku ya mwisho, ambayo ratiba iliiacha wazi, nikaamua kwenda kujionea mahali ambapo nilikuwa nimepasoma katika vitabu vya historia tangu utotoni. Sikwenda kwa nia ya kuandika. Nilikwenda kama aendavyo mtalii yeyote, nikiwa na mkate mfukoni, maana nilikuwa nimeonywa kwamba chakula cha huko hakishikiki kwa bei.

Njiani, kama ilivyo ada ya watu wa fani yangu, nilianza kuchezea maneno. Sisi Waswahili tunayo majina kadhaa ya makao ya mtawala. Tunalo ikulu, lililotujia kutoka bara, kwa Wanyamwezi. Na tunalo kasri, lililotujia kwa Waarabu. Wafaransa nao wana château. Ukiyaweka kasri na château ubavu kwa ubavu, huoni udugu wowote. Hata hivyo, wachunguzi wa asili za maneno wanatuambia kuwa qasr la Kiarabu lilitokana na castrum la Kilatini, yaani ngome ya askari, baada ya kupita katika Kiyunani na Kiaramu. Na château nalo limetokana na castellum, ambalo ni udogo wa castrum lilo hilo. Kumbe ni binamu waliopotezana! Nilifurahi peke yangu ndani ya treni, na abiria aliyeketi mkabala nami akanitazama kwa wasiwasi.

Historia ya jumba hilo nitaipitia kwa mkato. Mwaka wa 1623 mfalme Louis wa Kumi na Tatu alijipatia pale nyumba ndogo ya kupumzikia baada ya kuwinda. Mwanawe, Louis wa Kumi na Nne, alirithi ufalme mwaka wa 1643 akiwa mtoto. Tarehe 17 Agosti 1661 waziri wake wa fedha, Nicolas Fouquet, alimwalika kwenye karamu katika kasri lake jipya la Vaux-le-Vicomte, nalo lilikuwa zuri kupita makao yoyote ya mfalme mwenyewe. Hilo lilikuwa kosa. Kabla ya mwezi kuisha Fouquet alikuwa kifungoni, na hakutoka tena hadi kufa kwake. Mafundi wake watatu wakuu, yaani mwashi Louis Le Vau, mchoraji Charles Le Brun na mtunza bustani André Le Nôtre, wakahamishiwa Versailles kuifanya ile nyumba ya uwindaji kuwa jumba lisilo na mfano. Tarehe 6 Mei 1682 mfalme alihamia huko pamoja na baraza lake lote na serikali yake.

Mtindo wa ujenzi huo huitwa baroki. Ulianzia Italia kuelekea mwisho wa karne ya 16, na kama ningetakiwa kuueleza kwa mwanafunzi kwa sentensi moja ningesema kwamba ni mtindo usiopenda kunyamaza. Palipo na ukuta mtupu, baroki huweka nguzo. Palipo na nguzo, huipaka dhahabu. Na palipo na dari, huichora miungu, mawingu na farasi mpaka mtazamaji asijue jengo limekomea wapi na mbingu imeanzia wapi. Lengo lake ni kumfanya mgeni ajione mdogo kabla hajafungua kinywa. Ule Ukumbi wa Vioo, uliojengwa kati ya 1678 na 1684, una urefu wa mita 73. Upande mmoja una madirisha 17 yanayotazama bustani, na upande wa pili una matao 17 yaliyojazwa vioo 357. Leo kioo ni kitu cha kununuliwa sokoni. Zama zile mafundi wa Venice ndio waliokuwa na siri ya kutengeneza vioo vikubwa vilivyo safi, wala hawakutaka kuitoa, hata Ufaransa ikalazimika kuanzisha kiwanda chake mwaka wa 1665. Kwa hiyo mjumbe wa nchi ya kigeni aliyepita katika ukumbi ule hakuwa akijitazama sura tu. Alikuwa akihesabiwa utajiri wa mwenyeji wake.

Nakiri kwamba vyumba vilinichosha upesi. Macho yana kiasi chake cha dhahabu, na watu walikuwa wengi, kila mmoja ameinua simu yake juu ya kichwa cha mwenzake. Nikatoka nje.

Na hapo ndipo penye utamu. Neno letu bustani ni la Kiajemi, na maana yake ya asili ni mahali pa harufu nzuri. Bustani ya Le Nôtre haihusiani sana na harufu. Inahusiana na jicho. Ukisimama kwenye ngazi za nyuma ya jumba, unaona njia moja iliyonyooka ikishuka, ikapita kati ya hodhi na hodhi, ikaungana na mfereji mkubwa wenye urefu wa zaidi ya kilomita moja u nusu, kisha ikapotelea kwenye upeo wa macho. Mfereji huo ulichimbwa kati ya 1668 na 1679. Kushoto na kulia kila kitu kina mwenzake. Miti imekatwa ikawa kuta, vichaka vimekatwa vikawa pia na tufe, na vitalu vya maua vimechorwa ardhini kama nakshi za mlango wa Lamu. Le Nôtre alikuwa mtoto na mjukuu wa watunza bustani wa mfalme, na bila shaka alikuwa bingwa. Alijua, mathalani, kwamba mahodhi ya mbali yakifanywa makubwa kuliko ya karibu, jicho litadanganyika na kuona yote yako karibu. Nilishuka kwa miguu nikifuata udanganyifu huo, na miguu ikanieleza ukweli.

Kuna jambo moja lililonivutia kama mtu wa lugha. Kati ya 1689 na 1705 mfalme mwenyewe alitunga mwongozo wa namna ya kuitembelea bustani yake, akaurekebisha mara kadhaa. Huu si utenzi wala maelezo ya maua. Ni mfululizo wa maagizo: mgeni atokee mlango gani, asimame ngazi ipi, ageukie upande upi, atazame nini kabla ya kuendelea. Mtu huyu alitawala mamilioni, na bado alitaka kutawala hata shingo ya mgeni. Ukiusoma unatambua kwamba bustani nzima imeandikwa katika hali ya kuamrisha.

Nilikuwa nimekwenda katika msimu usiofaa. Majira ya baridi sanamu nyingi za marumaru hufunikwa kwa maturubali zisipasuke kwa jalidi. Michungwa iliyopandwa katika masanduku huwa imeingizwa ndani ya ghala lake. Chemchemi hazirushi maji, kwa kuwa hufunguliwa kwa siku maalumu tu tangu masika hadi kabla ya majira ya baridi. Mtalii mwingine angenung'unika. Mimi nashukuru, maana chemchemi inaporusha maji mtu hutazama maji, na inaponyamaza mtu huanza kuuliza maji hutoka wapi.

Nilisimama kando ya hodhi la Latona. Kisa chake ni cha kale, katika hadithi za Wayunani na Warumi. Latona, mama wa Apollo na Diana, alikuwa akikimbia na wanawe wachanga chini ya jua kali, akafika penye ziwa dogo akaomba maji ya kunywa. Wakulima waliokuwa pale wakamnyima, wakaingia majini wakayatibua kwa miguu ili asiweze kuyanywa. Kwa adhabu wakageuzwa kuwa vyura. Nao wapo pale hodhini mpaka leo, wengine vyura kamili, wengine nusu mtu nusu chura, midomo wazi, wamemzunguka mama yule aliyesimama juu na wanawe. Mfalme alijifananisha na Apollo, mungu wa jua, kwa hiyo ujumbe kwa waliothubutu kumpinga mamaye au yeye mwenyewe ulikuwa bayana. Lakini mimi nilibaki nikiwaza juu ya maji. Je, kati ya mfalme na wakulima wa nchi yake, nani alimnyima nani maji?

Kwani Versailles haina mto. Le Nôtre na wenzake walichora bustani ya chemchemi mahali ambapo maji yalikuwa ya shida, na maisha yote yaliyobaki ya mfalme yalipita katika kuyatafuta. Yalivutwa kwenye mabwawa ya karibu, yasitoshe. Mifereji ikachimbwa kukusanya mvua ya uwanda mzima, isitoshe. Mwaka wa 1684 ukazinduliwa mtambo wa Marly kwenye mto Seine: magurudumu 14 makubwa yaliyozungushwa na mto, yakiendesha pampu zaidi ya 200 za kuyapandisha maji mlimani kwa kimo cha takriban mita 160. Aliyeuunda alikuwa seremala kutoka Liège aitwaye Rennequin Sualem. Kelele zake, wanasema walioishi karibu, hazikuwa na mfano. Maji bado hayakutosha. Ikawa watunza chemchemi wanapigiana filimbi: mfalme akikaribia hodhi hili, linafunguliwa, akilipa kisogo, linafungwa ili la mbele lipate maji. Mfalme aliona bustani inayobubujika kila mahali kwa sababu tu hakuwa akigeuka nyuma.

Kisha ukaja ule mpango wa kuuelekeza mto Eure, ulio mbali kwa makumi ya kilomita. Kazi ilianza mwaka wa 1685, chini ya mhandisi Vauban, na askari zaidi ya 20,000 wakapewa majembe. Homa ikawapata katika vinamasi, wakafa wengi. Mwaka wa 1688 vita vikazuka, askari wakaitwa kwenda kupigana, na kazi haikuendelea tena. Maji ya Eure hayakufika Versailles. Lile daraja kubwa la kupitishia maji bado limesimama huko Maintenon, likiwa gofu, matao yake yakibeba hewa.

Nilitoa daftari nikaandika, kama ambavyo mtu huandika bila kufikiri: Louis wa Kumi na Nne alijenga bustani hii. Kisha nikaitazama sentensi yangu, na mwalimu wa sarufi aliye ndani yangu akaamka. Alijenga? Hakuna anayedai kwamba mfalme alishika koleo. Nikajaribu kauli ya kutendwa: bustani hii ilijengwa. Hapo mtendaji ameondoka kabisa, na sentensi haimdai. Nikajaribu kutendeka: bustani hii ilijengeka. Sasa imekuwa kana kwamba ilichipuka yenyewe kama uyoga. Ndipo nikaikumbuka kauli ya kutendesha. Mfalme alijengesha. Ajabu ya kiambishi hicho ni kwamba humwacha mfalme mahali pake na papo hapo hufungua nafasi nyingine katika sentensi. Aliwajengesha akina nani? Mtu akisikia alijengesha, swali hilo humjia lenyewe. Akisikia alijenga, haliji.

Hapa sina budi kuungama. Miaka kadhaa iliyopita, nikisahihisha mitihani ya wanafunzi wangu, nilikuta insha iliyosema kwamba Wareno waliijengesha Ngome ya Yesu mjini Mombasa kuanzia mwaka wa 1593. Nilikikata kitenzi hicho kwa wino mwekundu, nikaandika juu yake walijenga, na pembeni nikaongeza kwamba si vyema kurefusha vitenzi bila sababu. Nikamnyima alama mbili. Sikumbuki jina la mwanafunzi huyo, ila mwandiko wake mdogo uliolala kushoto naukumbuka, na pale kando ya vyura wa Latona nilihisi uso ukinichoma licha ya baridi.

Msomaji anaweza kunijibu kwamba ninakuza mambo. Kwamba katika kila lugha husemwa mfalme fulani alijenga, na hakuna mtoto asiyejua kuwa wafalme hawabebi mawe. Naam, anajua. Lakini mwulize mtoto huyo huyo amtaje mmoja wa waliobeba, au aeleze walilala wapi na kula nini, na ilikuwaje walipoanguka kutoka juu ya jukwaa la ujenzi. Atanyamaza, na mwalimu wake pia atanyamaza. Kunyamaza huko kumeandaliwa na sentensi zetu.

Si kwamba habari zao hazipo. Zipo, kwa mtu aliye na swali. Marquis de Dangeau, mmoja wa watu wa baraza la mfalme aliyekuwa akiandika shajara, ameandika kwamba mwaka wa 1684 walikuwako pale wafanyakazi 22,000 na farasi 6,000, na kwamba mwaka uliofuata wafanyakazi wa Versailles na viungani mwake walifika 36,000. Madame de Sévigné, yule bibi maarufu kwa barua zake, aliandika mwaka wa 1678 kwamba wafanyakazi walikuwa wakifa kwa wingi wa kutisha, na maiti zao zikitolewa usiku kwa mikokoteni. Angalia: usiku. Vitabu vya hesabu vya ujenzi wa mfalme navyo vinaonyesha malipo kwa waliovunjika viungo na kwa wajane wa waliokufa. Mhasibu hakuweza kuandika mfalme alijenga. Alipaswa kuandika ni nani amelipwa, na kwa mguu upi.

Na yupo mwanamke mmoja. Habari yake imo katika shajara ya hakimu Olivier d'Ormesson, katika mwaka wa 1668. Mwanawe alikuwa ameanguka akafa akifanya kazi kwenye mitambo ya Versailles. Ilikuwa desturi raia kumpelekea mfalme ombi lililoandikwa. Mama huyu akampelekea karatasi tupu. Watu wakacheka, wakamwuliza anataka nini. Ndipo akamgeukia mfalme akamtukana hadharani, akamwita mzinzi, mfalme wa mitambo, dhalimu. Mfalme akashangaa, akauliza kama maneno yale alikuwa akiambiwa yeye. Mama akamjibu ndiyo, akaendelea. Alikamatwa papo hapo, akahukumiwa kuchapwa viboko na kupelekwa mahali walikofungiwa wenda wazimu. D'Ormesson anasema kwamba alipokuwa akichapwa hakutamka hata neno moja.

Nimesomesha isimu kwa miaka mingi, na nimesoma kurasa zisizo na idadi kuhusu maana ya matini. Sijakutana na matini iliyonielemea kama ile karatasi isiyo na herufi. D'Ormesson hakutuachia jina la mama huyo, wala la mwanawe.

Nisieleweke vibaya. Simo miongoni mwa wale wanaosema kwamba jumba kama lile lilaaniwe na watu wasilitembelee. Ile mikono iliyokata marumaru na kuchonga vyura ilikuwa na ustadi, na kuudharau ustadi huo ni kuwadharau mafundi mara ya pili. Isitoshe, kazi yao haijakoma. Bustani ya namna hii haikamiliki, maana mti haujui amri na kila mwaka huchipuka upya. Tarehe 26 Desemba 1999 dhoruba iliangusha zaidi ya miti 10,000 pale kwa saa chache tu, ikabidi watu wapande tena kwa kufuata michoro ya kale. Nilipokuwa nikipanda ngazi kurudi nilimkuta mtunza bustani akikusanya majani makavu katika toroli. Nilimwamkia kwa Kifaransa changu cha kuombea maji, naye akaniitikia kwa uchangamfu, akanionya kwamba muda wa kufunga jumba umekaribia.

Nilikuwa na haraka kweli, kwa sababu nilitaka kurudi katika Ukumbi wa Vioo ambao asubuhi nilikuwa nimeupita mbiombio. Nilikuwa nimekumbuka kwamba nasi watu wa Afrika Mashariki tuna habari yetu mle ndani. Tarehe 28 Juni 1919, katikati ya vioo vile vile, ulitiwa sahihi mkataba uliomaliza vita kati ya Ujerumani na mataifa yaliyoishinda. Kifungu cha 119 kiliitaka Ujerumani iachilie makoloni yake yote ya ng'ambo. Kwa kifungu hicho Tanganyika ikaangukia mikononi mwa Waingereza, na Rwanda na Burundi zikawaangukia Wabelgiji. Hakuna mwana wa Afrika Mashariki aliyetia sahihi yake pale.

Walimu wa Kiswahili wanapaswa kukitazama kifungu hicho kwa makini kuliko watu wengine. Ilikuwa ni kwa sababu Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar zote zilikuwa chini ya Uingereza ndipo ikawezekana kufanyika ule mkutano wa Mombasa wa mwaka wa 1928, uliochagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na kisha kuundwa ile Kamati ya Lugha ya mwaka wa 1930. Kiswahili ninachoandika hapa, na ambacho wanafunzi wangu hutahiniwa kwacho, kimepitia katika chumba kile cha vioo, ingawa hakuna aliyekaa mezani siku hiyo akikifikiria. Kimvita, lahaja ya Mombasa yenye ushairi wa karne kadhaa, iliachwa kando katika mji wake yenyewe. Lakini hilo ni gomvi la siku nyingine.

Na vita vile viliposemwa kuwa Waingereza wamewashinda Wajerumani katika Afrika Mashariki, nani aliyebeba mizigo? Wapagazi waliosombwa kutoka vijijini kwetu walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi wao kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Jina la kikosi chao, lililotamkwa kwa ulimi wetu, limebaki Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam, na maelfu ya watu hununua viatu na vikapu huko kila siku bila kujua wanatamka nini. Katika barabara ya Kenyatta jijini Nairobi zimesimama sanamu tatu za shaba za ukumbusho wa vita hivyo, na mmoja wa wale watatu ni mpagazi. Nimepita pale na wanafunzi. Wengi humtambua askari kwa bunduki yake. Yule mwingine hawajui ni nani.

Vivyo hivyo tunawafundisha kwamba Waingereza walijenga reli kutoka Mombasa, ikafika ziwani mwaka wa 1901. Vibarua takriban 32,000 waliletwa kutoka Bara Hindi kwa kazi hiyo, na karibu 2,500 kati yao walifia huku. Hao wako katika nafasi gani ya sentensi yetu? Simshauri mwalimu afute kila alijenga anayokutana nayo kitabuni; atachoka, na wanafunzi watamcheka. Ninachosema ni kwamba somo la kauli ya kutendesha tunalifundisha kwa mifano ya mama kumlisha mtoto na mwalimu kumwandikisha mwanafunzi, mifano mizuri isiyo na kosa, ilhali tungeweza kulifundisha kwa ngome, kwa reli na kwa jumba la mfalme, na mwalimu wa historia akawa anasikiliza mlangoni.

Nilirejea Nairobi mwishoni mwa wiki ile. Muhula ulipoanza niliwapa wanafunzi wangu wa mwaka wa pili zoezi moja: kila mmoja achague jengo analolipita kila siku, aandike sentensi tatu juu yake kwa kutumia jenga, jengwa na jengesha, kisha atafute wa kujaza ile nafasi ya tatu. Mmoja aliandika juu ya kanisa la kijijini kwao, akaenda kumwuliza nyanyake, akarudi na majina 11 ya wanawake waliobeba mawe kutoka mtoni. Sikumwekea alama yoyote nyekundu.

Yule mwingine, mwenye mwandiko uliolala kushoto, nadhani sasa ni mwalimu mahali fulani, na huenda gazeti hili humfikia chumbani mwa walimu. Akijitambua, namwomba aniandikie. Alama zile mbili ni zake.